"Kapteni, tulikuwa tumepotea angani?"

Swali: Shikamoo Kapteni. Mwezi uliopita nilipanda ndege kutoka Mwanza kuja Dar. Tulipokaribia kufika, rubani alitangaza kwamba kipokezi kimojawapo cha mawimbi ya kuongozea ndege wakati wa kutua kimegoma, hivyo tutasubiri mvua ipungue. Tukazunguka juu ya bahari. Nilihesabu mizunguko 6, kama dakika 25 hivi. Watu walianza kusali kwa sauti, na kijana aliyekaa nyuma yangu akasema ni kwa sababu kuna mtu hajazima simu. Tulitua salama, lakini tangu siku ile sina amani. Je, tulikuwa tumepotea? Na kama kifaa kilikuwa kibovu, kwa nini asitue haraka badala ya kutuzungusha? Wiki ijayo mama yangu anakwenda Mwanza kwenye harusi ya mjukuu wake. Nimzuie? Msomaji wako, Tabata.

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hofu uliyoipata. Hamkuwa mmepotea, na ushahidi umeuleta wewe mwenyewe: mizunguko 6, dakika 25.

Ndege ikiambiwa isubiri haizunguki ovyo kama mwewe juu ya jalala. Inachora umbo la uwanja wa mbio. Inageuka kwa dakika moja, inanyooka kwa dakika moja, inageuka tena kwa dakika moja, halafu inarudi kwa dakika moja. Jumla ni dakika 4. Hata kule kugeuka kuna kipimo chake, nyuzi 3 kwa kila sekunde, ili nusu duara ya nyuzi 180 imalizike ndani ya dakika moja barabara. Zidisha 4 kwa 6, unapata 24. Mtu aliyepotea hawezi kurudi kwenye nukta ileile mara 6, huku upepo wa baharini ukimsukuma, kisha hesabu yake ikakubaliana na saa ya abiria aliyeshika roho mkononi.

Alijuaje alipo, wakati kifaa kimegoma? Kilichogoma kina kazi moja tu. Pale Uwanja wa Julius Nyerere kuna mitambo ya ILS inayorusha mihimili miwili ya mawimbi. Mmoja unamwonyesha rubani kama yuko kushoto au kulia kwa mstari wa katikati ya barabara ya kutulia. Mwingine unamwonyesha mteremko, nyuzi 3 hivi, ili asije chini sana wala juu sana. Ndani ya ndege kuna vipokezi viwili vya mihimili hiyo, na kwenu kimoja ndicho kilichokufa. Vyombo vinavyomwambia rubani yuko wapi katika anga ya Tanzania ni vingine kabisa.

Ndege za jeti za abiria zina mtambo unaoitwa IRS. Mtambo huu hautegemei mnara wala setilaiti. Unaambiwa mahali ndege ilipoegeshwa kabla ya kuondoka, na kuanzia hapo unahisi kila msukumo, kila mkunjo na kila mabadiliko ya kasi, na kuvijumlisha safari nzima. Makosa yake hukua taratibu, na kiwango cha mwisho kinachovumiliwa ni maili 2 za baharini kwa saa, yaani kama kilomita 3.7. Mwanza mpaka Dar ni saa moja na nusu kwa makadirio ya juu. Hata mtambo huo ungeachwa peke yake, ungekosea kwa kilomita 5 au 6 hivi, sawa na kudhani uko Posta kumbe uko Magomeni. Huwezi kutua kwa hilo, lakini huwezi pia kusema umepotea. Na hauachwi peke yake. Kuna GPS inayousahihisha, kuna vinara vya redio chini ardhini, na kuna waongoza ndege ambao rada yao inawaona.

Hao waongoza ndege uwakumbuke. Hata dira zote za ndege zikifa, mwongoza ndege anaweza kumleta rubani mpaka uwanjani kwa maneno mawili tu: "geuka kulia", kisha baada ya sekunde kadhaa, "acha kugeuka". Rubani anageuka kwa kipimo kilekile cha nyuzi 3 kwa sekunde, na mwenye rada anahesabu kwa ajili yake. Nimefanya hivyo mara nyingi kwenye mazoezi. Ni kama kipofu anayeongozwa na sauti ya mtu anayemwamini, na inafanya kazi.

Sasa niingie kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo zito. Kwa nini asitue haraka?

Kipokezi kimoja kilikuwa kizima, na rubani angeweza kuja nacho. Kwa mihimili ya ILS anaruhusiwa kushuka ndani ya wingu mpaka futi 200 juu ya ardhi, kama mita 60, bila kuona kitu. Hapo awe ameona barabara au taa zake, la sivyo anaongeza nguvu na kupaa tena. Lakini jiweke kwenye kiti chake. Mvua ya masika imeifunika Pugu na Kipawa. Umebakiwa na kipokezi kimoja, na hujajua kilichomuua mwenzake. Kikikata nacho ukiwa futi 300, utakuwa ndani ya maji ya mvua, karibu na ardhi, bila mwongozo wa kutua. Kapteni wenu aliamua asubiri mpaka wingu linyanyuke, ili hata kipokezi cha pili kikifa, macho yake yamalizie kazi. Ningekuwa mimi ningesubiri vilevile, na ningesubiri hata mizunguko 10 kama mafuta yanaruhusu.

Na mafuta yaliruhusu. Ndege haipakii mafuta ya kufika tu. Inabeba ya safari, ya kwenda uwanja mwingine kama huu umefungwa, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo kwa kawaida haiguswi. Mkiwa juu ya bahari ya Dar, Zanzibar iko umbali wa kilomita 70 hivi, na Mombasa nayo haiko mbali. Katika ile mizunguko, wakati ninyi mnasali, mmoja wa marubani alikuwa ameshika ndege na hafanyi kingine. Mwenzake alikuwa anasoma kitabu cha taratibu za hitilafu mstari kwa mstari, anauliza hali ya hewa, anahesabu mafuta, anajaribu kipokezi kilichobaki, na anapanga na mwenzake watakavyoshuka na watakachofanya wasipoiona barabara. Hayo yote yanahitaji dakika. Kuzunguka ndiko kunakowapatia.

Hapa ndipo ninapotaka ukae nami kidogo, kwa sababu nilichojifunza kwa miaka 31 ya kurusha ndege ni hiki: kifaa kibovu chenyewe huua mara chache sana. Kinachoua ni watu wote kukikodolea macho kile kibovu, ndege ikabaki haina mtu.

Ilikuwa Aprili 1994. Nilikuwa rubani msaidizi kwenye ndege ya panga boi, tukitoka Mtwara kuja Dar. Juu ya delta ya Rufiji tukaingia kwenye wingu zito la jioni, kijivu mtupu, huoni juu wala chini. Kapteni ndiye aliyeshika usukani. Nikaona mkono wake unausukuma kushoto kidogo, halafu kidogo tena, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Mbele ya kila rubani kuna geji ya upeo, yenye bluu kwa mbingu na kahawia kwa ardhi. Yangu ilionyesha bawa la kushoto linazama, nyuzi 10, kisha 15. Nikachungulia ya kwake. Ilikuwa imekaa sawasawa.

Hakuna taa iliyowaka, hakuna kengele. Jairoskopu ya geji yake, kile kigurudumu cha ndani kinachozunguka kwa kasi ili kuishikilia sawa, ilikuwa inakufa polepole, inalala upande, na mzee anaifuata. Nikasikiliza mwili wangu, nao ukaniambia tumekaa sawa. Mwili hudanganya ndani ya wingu. Maji yaliyo kwenye sikio la ndani yakizoea mgeuko wa taratibu hutulia, ukawa tayari kuapa hugeuki. Nikatazama geji ya tatu, ile ndogo ya katikati yenye umeme wake wa akiba. Ilikubaliana na yangu.

Nilikuwa na miaka 27. Yeye alikuwa na umri wa baba yangu, na ndiye aliyenifundisha njia ile. Wewe ni wa kwetu, unajua si jambo dogo kijana kumwambia mzee kwamba anachokiona sicho. Ulimi ulikuwa mzito kwa sekunde mbili tatu, na ninazikumbuka sekunde hizo kuliko safari nzima. Nikasema: "Kapteni, geji zetu hazikubaliani. Ya katikati iko na yangu." Akatupa jicho mara moja tu. Hakubisha, hakuuliza kama nina uhakika. Akasema: "Ndege ni yako." Nikajibu: "Ndege ni yangu." Akaachia usukani mikono miwili, akachana ukurasa wa daftari lake, akauchomeka juu ya ile geji yake ili macho yasivutwe nayo tena, ndipo akachukua redio kuzungumza na Dar. Nikasawazisha mabawa. Tulitua saa moja kasoro za jioni, na fundi alipoifungua geji akakuta beringi zimekwisha.

Yale maneno mawili, ndege ni yako, ndege ni yangu, hayasemwi kwa adabu. Yanasemwa ili isitokee hata sekunde moja ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeshika.

Tarehe 1 Januari 2007, huko Indonesia, jambo hilo lilikosekana. Boeing 737-400 ya Adam Air, safari namba 574 kutoka Surabaya kwenda Manado, ilipata hitilafu kwenye IRS, mtambo uleule niliokueleza. Ilikuwa juu sana, futi 35,000, na ndege yenyewe nzima. Marubani wote wawili wakazama kwenye kuushughulikia mtambo kwa dakika 13. Katika kuubadilisha namna unavyofanya kazi, otopailoti, mtambo unaoirusha ndege bila mkono wa rubani, ikajizima, na ndege ikaanza kulalia upande wa kulia polepole. Kengele ilipolia walikuwa wamechelewa kujua ndege imekaaje. Watu wote 102 walikufa baharini. Hitilafu kama hiyo, kama mmoja angeshika ndege na mwingine akasoma kitabu, ingeishia kuwa mstari mmoja kwenye daftari la mafundi.

Ndiyo maana tunafundishwa kwa mpangilio usiovunjwa: rusha ndege kwanza, halafu jua uendako, halafu ndipo uzungumze. Na ndiyo maana tangazo la kapteni wenu lingenipa faraja kama ningekuwa abiria. Mtu anayepata nafasi ya kuwaeleza abiria habari za kipokezi na mvua ameshamaliza mawili ya kwanza.

Kuna kifaa kimoja ambacho mimi binafsi nakihofia kuliko vyote vya kuongozea, nacho ni kipimo cha kasi. Kasi hupimwa na mirija midogo iliyochomoza karibu na pua ya ndege, mirija ya pito, inayonasa msukumo wa hewa. Mrija ukiziba, geji inasema uongo kwa uso mkavu. Mwaka 1996 Boeing 757 iliyoondoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, ilianguka na watu 189. Wachunguzi waliona kwamba kilichoelekea kuziba mrija mmojawapo ni kiota cha nyigu wale wanaojenga kwa udongo, baada ya ndege kukaa siku kadhaa bila mirija kufunikwa. Tarehe 1 Juni 2009 ilikuwa barafu, katika Air France namba 447 juu ya Atlantiki. Kasi ilipotea kwenye vioo kwa karibu dakika moja tu kisha ikarudi, lakini pua ilikuwa imeshainuliwa mno na ndege imepoteza uwezo wa kuelea. Tangu otopailoti ijizime mpaka baharini zilipita dakika 4 na sekunde kadhaa. Watu 228.

Dawa yake ni jambo rahisi ambalo tunalikariri kama sala: usiitafute kasi, weka pua na nguvu mahali panapojulikana. Kwa Boeing 737 NG, mabawa yakiwa hayajatoa vibao vyake, ni pua juu nyuzi 4 na injini asilimia 75. Ukiweka hivyo ndege haina budi kuruka, hata geji zote zikibishana. Ukishatulia, ndipo unauliza ni ipi inayodanganya. Katika simuleta, yaani chumba cha mazoezi kinachoiga ndege, ambacho kila rubani wa ndege kubwa huingia kila baada ya miezi 6, hitilafu hiyo unawekewa usiku, ndani ya wingu, kengele zikilia zote kwa pamoja. Nimeona watu wazima wakitoka mle mashati yameloa.

Kuhusu simu, mwambie yule kijana hapana. Simu iliyoachwa wazi inaweza kumletea rubani mlio wa kukera masikioni, ule wa krr-krr unaousikia redio ikiwa karibu na simu inayotaka kuita, na sheria ya kuzima ni nzuri kwa sababu wakati wa kutua hatutaki kelele yoyote. Kuua kipokezi cha ILS haiwezi.

Kinachosumbua mawimbi kweli siku hizi ni kingine. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na ishara zake zikifika huku ni dhaifu mno, kama mtu anayenong'ona akiwa ng'ambo ya bahari. Penye vita watu huzifunika kwa kelele, au hutuma ishara za uongo zinazoifanya ndege iamini iko pengine. Aprili 2024 Finnair ilisitisha safari za Tartu nchini Estonia kwa mwezi mzima, kwa sababu kutua pale kulitegemea GPS na GPS ilikuwa inavurugwa. Marubani wanaopita anga za Mashariki ya Kati wamelizoea: saa ya ndege inaruka, ramani inahama, sauti inapiga kelele kwamba kuna mlima mbele wakati chini ni bahari tupu. Wanaizima GPS isichanganye mitambo mingine, wanarudi kwenye IRS na vinara vya redio. Kwa sababu hiyo huwa nasema vinara vya ardhini visifutwe hata kama setilaiti zinaonekana kutosha. Ni gharama kuvitunza, lakini siku setilaiti zikinyamaza hakuna duka la kununua kinara saa hiyohiyo.

Nirudi kwa mama. Usimzuie. Ila nikwambie ukweli mmoja ambao mashirika hayapendi kuutangaza. Ndege inaweza kuruka kihalali huku kitu fulani ni kibovu. Kila shirika lina orodha iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, inayosema kipi kinaweza kusubiri matengenezo, kwa masharti gani, na kwa muda gani: vingine siku 3, vingine 10, vingine hadi 120. Orodha hiyo ni nzuri, nami nimeitumia maisha yangu yote. Lakini neno la mwisho ni la kapteni, na kapteni ni binadamu anayesikia watu wakifoka. Alfajiri moja nilikataa ndege iliyokuwa na kipokezi kimoja cha ILS kibovu. Kwa orodha iliruhusiwa. Kwa mvua iliyokuwa kule tuendako, mimi sikuikubali. Tulichelewa saa 5. Abiria walinizomea kwenye ngazi, na bosi mmoja akaniuliza mbele ya watu kama naogopa mvua. Nilikuwa na nywele nyeupe tayari, niliweza kuyabeba. Kijana wa miaka 29 aliyepandishwa ukapteni juzi, je? Kwa hiyo ombi langu kwenu abiria wa Dar: ndege ikicheleweshwa kwa hitilafu, lalamikeni kuhusu chakula, kuhusu hoteli, kuhusu kutopewa taarifa. Rubani aliyesema hapana msimguse.

Kama mama anapanda ndege ya alfajiri, iliyolala uwanjani, mwombee kiti cha dirishani mbele ya bawa, upande wa kushoto. Akiwahi kuingia, atamwona mtu mwenye kizibao cha kung'aa anaizunguka ndege taratibu na tochi, anaanzia puani, anainama, anamulika mirija ninayokwambia. Usiku mirija hiyo huvikwa vifuniko vyenye utepe mrefu mwekundu, kwa ajili ya vumbi na wale nyigu. Mwambie mama amtazame mkononi. Tepe nyekundu zikiwa zinaning'inia kwenye mkono wa yule mtu, basi zimeshatoka kwenye ndege.